Mbiu Kabla ya Sanda: Mhadhara wa Umma Uliosomwa Karuba

Kwanza nawaomba radhi, kwa kuwa mtu aliyetakiwa kuhadhiri juu ya namna serikali ya mji ipasavyo kuwaokoa raia wake tufani inapowafika, kisha akaja kulisema jambo hilo Karuba, mahali pasipo meya wala gari la zimamoto, anafanana na mtu anayefundisha uanahodha juu ya kilima. Lakini nimepachagua hapa kwa makusudi. Mvua haiulizi kama mahali pana meya, na udongo unaposhuka haungoji ruhusa ya ofisi. Na aghalabu yale yanayofichwa mjini na wingi wa magari na sare, huku mlimani huonekana wazi, yakiwa uchi kama mtoto aliyezaliwa leo.

Neno langu ni moja, nanyi mtaniwia radhi nikilirudia. Serikali zetu, za miji na za vijiji, zimezoea kufika na sanda. Hufika na rambirambi, na maturubai, na magunia ya unga, na hayo yote ni mema. Lakini wajibu wao wa asili, ambao ndio uliowafanya watu wa kale wakubali kuwa na mtawala, ni kufika na mbiu.

Natuanze mbali, pwani, ambako lugha hii tunayoizungumza ilikuzwa. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliikumba Unguja. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika ufalme wake. Na ilipotulia bahari, merikebu zake zilikuwa zimevunjika bandarini, majahazi yametupwa pwani, na mikarafuu ya Unguja, ambayo ndiyo iliyokuwa mfuko wa dola, imelala chini kwa sehemu kubwa, hali ile ya Pemba, ng'ambo ya mkondo, ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu haupandwi leo ukachumwa kesho, hungojewa miaka. Basi Waingereza walipomjia Barghash na mkataba wa kulifunga soko la watumwa, ambao kwa haki ulistahili kutiwa sahihi zamani, naye akautia sahihi mwezi Juni 1873, walimkuta mtawala asiye na merikebu wala akiba. Na karafuu nyingi tangu hapo zikawa ni za Pemba. Upepo wa siku moja uliigeuza mizani ya visiwa viwili kwa muda wa vizazi.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ili tusidhani kwamba hasara ya tufani hukoma siku maiti wanapozikwa. Deni lake hulipwa na wajukuu. Ya pili, Barghash alikuwa na udhuru. Waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 tu. Mwaka ule wa tufani hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kumpelekea habari kwamba upepo unakuja. Sisi udhuru huo hatunao tena.

Sasa natuutazame mji wa zama zetu. Kati ya tarehe 20 na 22 Desemba 2011 mvua iliinyeshea Dar es Salaam kwa namna ambayo wenye kupima walisema haikupata kuonekana tangu mwaka 1954. Bonde la Msimbazi lilijaa, Jangwani pakawa ziwa, watu wakapanda juu ya mapaa, na zaidi ya 40 walifariki. Serikali haikulala: askari waliopoa watu, shule zikawa makambi, na baada ya majuma machache waliokuwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, kaskazini ya jiji, wakapewa mahema na viwanja. Ukiyasoma hayo katika taarifa, utasema kazi imetimia. Lakini aliyekuwa akiuza samaki, au akifua nguo za watu, au akibeba mizigo Kariakoo, riziki yake haikuhamia Mabwepande pamoja na godoro lake. Na wengine, wakiisha kupiga hesabu ya nauli, waliuza kiwanja wakarejea bondeni. Desemba 2015 serikali ikarudi tena Msimbazi, safari hii na matingatinga ya kubomoa. Haya siyasemi kwa kulilaumu jiji la wenyewe. Nayasema kwa kuwa yanatufunza kwamba mtu hakai penye hatari kwa ujinga. Hukaa kwa sababu hapo ndipo anapopata mkate wake, na mwenye kutaka kumwondoa sharti auhamishe mkate kwanza.

Ndugu zangu, tumefika nyumbani.

Jumapili ya tarehe 2 Aprili 2023, huko Bolowa, katika teritwari yetu hii ya Masisi, mashariki ya Kongo, wanawake walikuwa chini ya mlima penye maji, wakifua nguo na kuosha vyombo, na watoto wao kando yao, kama mnavyojua desturi ya mchana usio na kazi ya shamba. Mlima ukashuka. Watu takriban 20 walifukiwa, na wengi wao walikuwa mama na watoto. Waliofukua walikuwa majirani wenye majembe. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mvua iliipiga Rwanda ya magharibi na kaskazini, mto Sebeya ukaingia katika nyumba za watu wa Rubavu, na zaidi ya 130 wakafa katika nchi ile. Alhamisi ya tarehe 4 Mei mvua ikafika Kalehe, ng'ambo yetu ya kusini: huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu wamekusanyika na bidhaa zao, na mito ikateremka kutoka vilimani na mawe na magogo, ikaifagia Nyamukubi, ikaifagia na Bushushu. Maiti waliookotwa walipita 400, na waliopotea bila kuonekana walihesabiwa kwa maelfu. Jumatatu ya tarehe 8 ilitangazwa kuwa siku ya maombolezo ya taifa zima.

Nawaomba mzitazame tarehe hizo kwa utulivu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu hayakuwa dalili tu: yalikwisha kuua watu zaidi ya mia ng'ambo ya ziwa letu la Kivu, na redio zilikwisha kutangaza, na siku nzima ilikuwa imebaki kabla ya soko la Nyamukubi kufunguliwa. Je, nani alikuwa na dhamana ya kusema, "Kesho soko lisiwe kando ya mto"? Nimelitafakari swali hili miaka hii yote, na jawabu ninaloliona ni kwamba kila mmoja alikuwa na dhamana kidogo, na kwa hiyo hapakuwa na aliyekuwa nayo.

Sheria zetu zenyewe zinalieleza jambo hilo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazitambua mji, komini, sekta na cheferi, yaani eneo la chifu, kuwa ni mamlaka zenye nafsi ya kisheria, zenye mfuko wao na hesabu zao. Teritwari haimo. Grupema, yaani mkusanyiko wa vijiji, haimo. Kijiji hakimo. Maana yake ni kwamba sisi wa grupema ya Mupfunyi-Karuba tunaye mkuu anayeujua kila mfereji na kila ufa wa kilima, lakini kisheria hana hata faranga moja ya kununulia filimbi; na cheferi ya Bahunde, yenye haki ya kuwa na mfuko, inagawiwa kutoka katika kile kinachofika mkoani. Katiba ya 2006 iliamuru kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani tangu shina, na sheria ile ya 2008 ikaamuru asilimia 40 ya fungu hilo ishuke kwa mamlaka za chini. Lau amri hizo zingetimizwa kama zilivyoandikwa, ningelikuwa na maneno machache ya kuwaambia leo. Palipo na ujuzi hapana fedha, na palipo na fedha hapana ujuzi: huo ndio ufa mkubwa kuliko ule wa mlimani.

Na ule wa mlimani nao una ilimu yake. Vilima vyetu, ambavyo zamani vilivaa msitu na leo vimevaa malisho, vina udongo mwingi uliolala juu ya mwamba. Mizizi ya miti ilikuwa kama kamba zilizoushika, na mizizi ya majani ni mifupi. Mvua inaponyesha siku kadhaa mfululizo maji huzama, udongo ukawa mzito, ukaacha kushikamana na mwamba, ukateleza. Lakini hauendi bila kuaga. Kwanza hufunguka ufa juu ya kilima, mwembamba hata mtoto anaweza kuuruka. Miti hulala upande. Mlango wa nyumba uliokuwa ukifungwa vema huanza kukwama. Kijito hugeuka tope ghafula, au, na hili ndilo la kuogopwa kuliko yote, hupungua maji huku mvua ingali ikinyesha, kwa maana kimezibwa huko juu na kinajikusanya. Tumezoea kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye ufa wa mlima hapewi hata nafasi ya ukuta.

Basi mbiu ni nini? Shuleni tunaweza kuchukua chupa ya plastiki, tukaikata shingo, tukaisimamisha juu ya kigingi mahali wazi, tukachora alama ubavuni, na kila asubuhi mwanafunzi mmoja akasoma maji na kuyaandika daftarini. Hicho ndicho kipimo cha mvua, na gharama yake ni soda moja. Vijana wa salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wanaofukua mifereji, wanaweza kupewa kazi ya kupita juu ya vilima wakati wa masika na kuangalia nyufa. Kengele ya kanisa na ngoma zinaweza kupatana juu ya mlio mmoja usiopigwa kwa ajili ya kitu kingine chochote, ili usiku wa giza mama ausikiapo asiulize, achukue mtoto aondoke. Liwepo daftari la wazee wasioweza kutembea, na majina ya vijana wanne kwa kila mzee, watakaomchukua kwa kipoyi. Na ijulikane mapema kila mlima unakimbilia wapi, kwa kuwa mtu anayekimbia bila kujua aendako hukimbilia bondeni.

Najua nitajibiwa mambo mawili. Wa kwanza ataniambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nami nasema amina. Lakini Mwenyezi Mungu aliyeileta mvua ndiye aliyetupa macho ya kuuona ufa, na mwenye kuifumba neema hiyo asimsingizie aliyeitoa. Wa pili ataniambia, kwa uchungu ninaoujua, kwamba watu waliokimbia vita vilipofika Mushaki na Karuba mwezi Februari 2023, wakalala chini ya shitingi, hawana nafasi ya kuhesabu mvua. Huyu namheshimu. Hata hivyo namkumbusha kwamba shitingi ndiyo paa linalopeperuka kwanza, na kwamba bendera zinaweza kubadilika juu ya kilima lakini kilima ni kile kile. Mtawala yeyote atakayeketi hapa, aliyechaguliwa au aliyejiweka, ataulizwa na waliofiwa swali lile lile la dhamana.

Kwa hiyo nauhitimisha mhadhara huu kwa ombi, wala si kwa fahari. Kwa wakubwa wa mji na mkoa naomba fungu la cheferi lishuke, na mkuu wa grupema apewe kwa maandishi mamlaka ya kuahirisha soko na kuhamisha watu kwa siku tatu bila kungoja barua. Kwenu ninyi wa Karuba naomba jambo dogo zaidi. Masika yanakaribia. Kesho, mkipeleka ng'ombe malishoni, pandeni hadi kileleni, mtazame chini ya miguu yenu. Na atakayeuona ufa asiuvuke akaenda zake, bali arudi kijijini apige mbiu.