Kimbunga Kikishafika Bara

Katika mijadala ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki kuna rai inayorudiwa kila dhoruba inapokaribia pwani, nayo inasema kwamba kimbunga ni mtoto wa bahari, kwamba kikikanyaga nchi kavu huanza kufa, na kwamba kwa sababu hiyo watu wa bara hawana haja ya kukiwazia zaidi ya kukaa na miavuli yao. Rai hii haishikiliwi na watu wa vijiweni peke yao. Wako wasomi wenye vipimo mikononi wanaoitetea, tena kwa hoja, na ndiyo maana inastahili jibu refu kuliko inavyopewa kwa kawaida. Mhadhara huu unaihesabu kuwa kosa lililobeba nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayolipa uhai.

Nusu ya ukweli ni hii. Kimbunga ni mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa, yaani eneo ambalo hewa hupanda na uzito wake juu ya uso wa dunia kupungua, unaozaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi na kuzungushwa na nguvu ya Coriolis, ambayo hutokana na mzunguko wa dunia na hufifia karibu na Ikweta. Misingi hiyo anaijua kila mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kikiingia nchi kavu hukatiwa mvuke unaokilisha, na ardhi, miti na vilima huuzuia upepo wake wa chini, hata katika muda wa saa chache hushuka daraja. Ila daraja lenyewe ni la nini? Katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi dhoruba hupewa jina pale upepo wake wa wastani unapofikia kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga unapofikia 118, wala hakuna popote katika ngazi hiyo panapoulizwa kiasi cha maji yaliyobebwa. Kwa hiyo taarifa ikisema kwamba mfumo umedhoofika inasema kweli tupu kuhusu upepo, na msikilizaji, ambaye hakuambiwa kuwa kipimo ni upepo, anaelewa kwamba hatari ndiyo iliyodhoofika.

Maji hayafuati ngazi hiyo. Mvuke uliokwisha kupandishwa angani hautoweki kwa kuwa upepo wa chini umetulia. Mikono ya mawingu inayozunguka kiini huendelea kwa siku kadhaa kuvuta unyevu kutoka baharini, na mfumo ukipunguza mwendo, mvua ambayo ingegawanywa juu ya wilaya kumi humwagwa juu ya moja. Ukikutana na mlima hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hewa yenye unyevu hulazimika kupanda, ikipoa humwaga ilichobeba, na maji hayo hushuka kwenye miteremko kwa kasi ambayo hakuna bonde linaloweza kuihimili. Dhoruba ya Idai ilitua karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, na usiku uliofuata maporomoko ya mawe na matope yaliwafukia watu Chimanimani, mashariki mwa Zimbabwe, takriban kilomita 200 kutoka ufukweni. Tena linalosahaulika zaidi ni kwamba mfumo huohuo, mapema mwezi ule, ukiwa mgandamizo mdogo usio na jina, ulikuwa umekwisha kuingia Msumbiji na kuifurikisha Malawi kabla ya kurudi baharini, kupata nguvu na kuitwa Idai. Mwaka 2023 Freddy, iliyozaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari na kuvuka bahari nzima, ilitua mara ya pili Msumbiji, karibu na Quelimane, tarehe 11 Machi. Waliokufa kwa wingi walikuwa kwenye miteremko ya Blantyre, katika nchi isiyo na pwani hata ya hatua moja.

Wapinzani hujibu kwamba Tanzania si Msumbiji, na hutoa mfano wa Jobo, ambayo Aprili 2021 ilitangazwa kuelekea pwani ya Dar es Salaam, watu wakafunga madirisha, kisha ikafifia hata wengine wakaifanyia mzaha. Mfano huo ni wa haki na haufai kufichwa. Ni haki pia kukiri kwamba vimbunga vingine huinyima kanda mvua badala ya kuileta: mwaka 2019 Idai iliuvuta unyevu kusini na masika ikachelewa, ilhali Machi 2018 Dumazile na Eliakim, zilizopita mashariki mwa Madagaska, ziliambatana na pepo za magharibi kutoka upande wa Kongo na mvua kubwa Kenya na Tanzania. Lakini jambo hili, likitazamwa vizuri, linawaumbua wanaolitumia, kwani linaonyesha kwamba kimbunga huamua hali ya hewa ya bara hata kisipotua kabisa.

Hidaya, iliyofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, ilipoteza nguvu usiku uleule, na tangazo la kuisha kwake lilikuwa sahihi kwa kipimo chake. Mwandishi wa mhadhara huu alikuwa Dar es Salaam, na anamkumbuka jirani yake, fundi wa majokofu, akifungua kibanda asubuhi iliyofuata huku akisema kwa furaha kwamba kimbunga kimekwisha. Kabla chai haijapoa, simu ililia kutoka kwa shemeji wa fundi huyo, aliyekuwa kwenye basi upande wa Kilwa, akieleza kwamba barabara imekatika mbele yake na hakuna gari linalopita. Barabara kuu ya kusini ilikuwa imekatwa na maji Somanga na Mikereng'ende, na magari yakakaa foleni kwa siku kadhaa. Upepo ulikuwa umelala. Ardhi, iliyolowa kwa masika nzima, haikuwa na pa kuyaweka maji mapya.

Ushahidi bora kuliko wote, hata hivyo, ni wa zamani na haumo katika jedwali lolote. Dhoruba iliyoipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, inajulikana kwa mikarafuu iliyoing'oa, kwa merikebu ilizozizamisha, na kwa jinsi ilivyoiachia Pemba ukuu wa karafuu. Hayo yameandikwa vya kutosha. (Dhoruba ya Lindi ya mwaka 1952 ilikuja pia tarehe 15 Aprili, sadfa isiyothibitisha kitu ila kwamba tangambili, yaani kipindi cha kaskazi kuachia kusi, ndiyo saa ya kutazama bahari.) Kilichosahauliwa ni kilichotokea nyuma ya pwani, na shahidi wake ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa New York Herald, aliyekuwa akirudi kutoka kwa Livingstone.

Stanley alijulikana kwa kutia chumvi, na hilo ni sababu ya kumsoma kwa makini, si ya kumtupa. Alipokwenda, mwaka 1871, alikuwa ameueleza kwa kirefu mji aliouandika Simbamwenni, karibu na ulipo Morogoro leo: ukuta imara, minara minne pembeni, milango minne, na nyumba zikaribiazo elfu moja. Kwa hiyo aliporudi alikuwa na cha kulinganisha. Mvua ilikuwa imeukwamisha msafara wake siku kadhaa Rehenneko, uwanda wa Makata ulikuwa umegeuka ziwa, na mwishoni mwa Aprili 1872, alipovuka Ngerengere, alikuta mto umeubeba ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo 50, na vijiji vya Waluguru mlimani vimeharibiwa. Kuhusu waliokufa aliandika kwa tahadhari isiyo desturi yake, kwamba hata kama robo tu ya aliyoyasikia ingekuwa kweli, wasingepungua mia. Huyu ni mtia chumvi anayejipunguzia mwenyewe chumvi, na mtafiti hapati zawadi kubwa kuliko hiyo.

Je, mafuriko hayo yalikuwa mkia wa dhoruba ya Unguja? Masika ya mwaka ule ilikuwa kubwa hata bila dhoruba, siku kamili ambayo ukuta ulianguka haiwezi kufungwa na tarehe 15, na hakukuwa na kipimo cha mvua Uluguru. Mizani ya kitaalamu inasema haijathibitika. Mhadhara huu hata hivyo unashikilia kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu mlima, msimu na umbali wa kilomita takriban 200 kutoka Unguja vinalingana mno na vya Chimanimani, na unashikilia pia kwamba mwelekeo wa hali ya hewa baada ya dhoruba kutua utolewe kwa mabonde ya mito, Ruvu, Wami, Rufiji, Mbwemkuru, wala mfumo usitangazwe kuisha hadi mito ishuke. Stanley aliingia Bagamoyo tarehe 6 Mei, akiwa amekwisha kusikia njiani habari za maangamizi ya Unguja, na mto wa mwisho aliouvuka, Kingani, ambao ndio Ruvu ya chini, ndio unaopokea maji ya Ngerengere.