Tuhesabu Tulicho Nacho

(Hotuba ya mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wana-Miteja waishio Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumzie fikra ya uhaba na fikra ya neema. Kamati iliponipa kichwa hicho nilicheka, maana mimi ni mhasibu, na baadhi yenu mnanijua kama mtu wa kurudisha vocha za watu. Nikakubali kwa sababu moja tu: ninayo kesi yangu mwenyewe, na bora niiseme mimi kabla hamjaisikia kwa wengine.

Miaka michache iliyopita, mwezi Machi, mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa chuo cha ufundi, anadaiwa ada Sh 240,000, kapewa siku kumi. "Mjomba, nimekwama." Nikamjibu kama tunavyojibu wengi wetu tulioko mjini: hali ngumu, mambo yamebana, tuone mwisho wa mwezi. Wala sikujiona nasema uongo. Kichwani mwangu kulikuwa na kodi ya nyumba, ada za wanangu, mkopo wa benki na gari linalotaka matairi. Niliona madeni matupu.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nililipa mchango wa harusi ya mfanyakazi mwenzangu, Sh 150,000, na wa sendofu Sh 100,000. Jumla 250,000. Nilizipata, na sikukopa kwa mtu.

Dada yangu hakunisumbua. Alikwenda kwa mnunuzi wa kangomba akauza magunia mawili ya ufuta uliokuwa bado shambani, una maua. Akapewa Sh 240,000 mkononi. Kijana akarudi darasani. Mwezi Juni minada ilipoanza, magunia yale yangempa zaidi ya mara mbili ya fedha ile, lakini hayakuwa yake tena. Na kwa kuwa msimu ule alivuna pungufu, Machi iliyofuata ilimkuta hana akiba, akauza tena mapema. Nyie mnajua kwetu mjomba ni nani. Sh 240,000 nilizosema sina zilimgharimu dada yangu misimu miwili.

Habari hii niliipata nilipokwenda msibani nyumbani, na aliyenieleza hakuwa dada. Yeye alinichinjia kuku, na asubuhi naondoka akanifungia mfuko wa ufuta nije nao Dar.

Sitaki mtu atoke hapa akisema mhasibu kasema umaskini ni mawazo tu. Machi ni Machi. Mwenye ghala tupu hana haja ya kufundishwa fikra, anahitaji chakula. Mimi nasema juu yetu sisi tulio na kipato, tunaofungua daftari kila siku kwenye ukurasa wa madeni na ule wa mali hatuufungui kabisa. Uhaba wa kweli una kiasi, unaweza kuuandika: pungufu shilingi kadhaa. Huu wa kichwani hauna kiasi. Mshahara ukipanda, nao unapanda.

Watu wa Kilwa tunapenda kujisifu kwa historia yetu, basi tuisome vizuri. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa akitoa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini, na sultani akaenda kubadili akampa. Baadaye fakiri akapewa watumwa na pembe za ndovu. (Watumwa hao walikuwa watoto wa watu, tusipite hapo haraka.) Sultani alipofariki akatawala nduguye, Daud, naye akija mwombaji alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa ameshakufa, na hakuacha kitu cha kutoa.

Wengi wakisikia kisa hiki humwita Daud bahili. Mimi namwonea huruma. Huenda alifungua hazina akakuta sakafu. Neema iliyokaa mkononi mwa mtu mmoja huzikwa naye, na hata sisi katika chama hiki tumezoea kumsubiri Abul Mawahib wetu: mheshimiwa fulani, tajiri fulani, mgeni rasmi mwenye bahasha. Asipotokea, tunarudi nyumbani tukisema mwaka huu hakuna kitu.

Wenzetu wa Kikole na Kisangi, wilaya yetu hii hii, walifanya vingine. Mpingo ulikuwepo msituni kwao tangu enzi za babu zao. Ulaya wanautengenezea klarineti na zumari. Lakini magogo yalikuwa yakiondoka na kijiji kikiambulia kidogo sana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilipokiruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa hifadhi, walitenga eneo, wakapima, wakahesabu miti, wakaamua upi uvunwe na upi uachwe ukue. Mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC. Hawakupanda mpingo mpya ili wapate neema. Walihesabu uliokuwepo, wakauandika, wakauuza kwa bei yao.

Sasa tuhesabu na sisi. Tukipatikana wanachama 100, kila mmoja akaweka Sh 5,000 kwa mwezi, ni Sh 500,000 kwa mwezi na Sh 6,000,000 kwa mwaka. Kwa ada kama ile ya mpwa wangu, hao ni vijana 25. Pendekezo la kamati ni kwamba fedha hii isiwe sadaka, iwe mkopo usio na riba: familia inakopeshwa kati ya Januari na Mei, ufuta unabaki wao, na wanarejesha baada ya mnada, fedha zao zikishaingia benki. Fedha ile ile inatumika tena mwaka unaofuata.

Kuna watakaoshindwa kurejesha. Mvua zitagoma, mtu ataugua. Nimepiga hesabu nikiwatoa watano katika kila 25, na mfuko bado unasimama. Hayo mniachie mimi, ndiyo kazi niliyosomea.

Najua linalowasumbua wengine, maana linanisumbua na mimi: tumewahi kuchanga na hatukusomewa hesabu. Mtu akishachanga namna hiyo mara mbili, akisema "sina" usimlaumu haraka. Kwa hiyo kila mchango utakuwa na risiti, akaunti itakuwa na watia saini watatu, mmoja wao mkazi wa Miteja, na kila baada ya miezi mitatu hesabu itasomwa hapa na itabandikwa kijijini ili hata asiyekuwa na simu aione. Nikichelewa kuisoma, mniulize mbele za watu.

Mpwa wangu alimaliza chuo. Ni fundi umeme, na fomu namba moja ya mfuko huu kaijaza yeye kabla yangu, mimi nina namba mbili. Fomu zilizobaki ziko kwa mweka hazina, pale mlangoni.