Mugongo Unaouma Haujavunjika
(Maneno tuliyoyasema mbele ya bamemba na wafadhili, Lubumbashi)

 

Kabla ya kuandika maneno haya tulifungua kitabu cha kasha ya kusaidiana. Ukurasa kwa ukurasa, neno moja linarudia: mugongo. Shindano ya mugongo. Radio ya mugongo. Komprime ya mugongo. Mukaba wa mugongo. Na majina ni yale yale, mwezi kwa mwezi. Ni kusema falanga inatoka, maumivu inabaki.

Haitushangazi kwamba migongo yetu inauma. Wengi kati yetu walilima kwa jembe mu makambi ya Zambia: Kala na Mwange mpaka zilipofungwa 2010, Meheba, kisha Mantapala, ambako watu wa Pweto walianza kurudishwa mwezi wa 12 wa 2021. Walirudi na mizigo ku kichwa. Hapa Lubumbashi mama anaponda mawe kutwa nzima, amekaa chini, na kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya makala. Usiku usingizi hauji vizuri kwa sababu ya yale tuliyoyaona na loyer ya nyumba isiyolipwa. Usingizi mubaya na mashaka vinaongeza maumivu. Hiyo si maneno ya kufariji, ni vile mwili unafanya kazi.

Maumivu yakipita miezi mitatu, waganga wanayaita maumivu ya kudumu. Hapo mara nyingi kidonda cha kwanza kimekwisha kupona. Kinachobaki ni mishipa ya fahamu na ubongo vilivyozoea kulinda. Ni sawa na imbwa ya nyumba: mwizi aliingia mara moja, tangu siku ile inabweka hata mtoto wa nyumbani akifungua mlango. Kubweka ni kwa kweli. Mtu asikwambie unajifanyisha. Lakini kila kubweka haionyeshi kwamba mwizi amerudi.

Radio nayo inatutisha bure. Utafiti mumoja mukubwa wa 2015 ulikusanya picha za watu ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wale wa miaka 50, karibu 80 kwa 100 walikuwa na disiki za mugongo zilizochakaa. Disiki zinachakaa kama vile nywele zinavyokuwa nyeupe. Mtu akiambiwa "mugongo yako imekwisha", anarudi nyumbani akiogopa hata kuinama kufunga viatu, na ile woga inamwumiza kuliko disiki yenyewe.

Sasa tuseme kosa letu. Sisi tunaozunguka mu bakartie tulikuwa tunawaambia watu: pumzika, vaa mukaba, usibebe kitu. Tulinunua mikaba na falanga ya wafadhili. Mama mumoja wa Katuba alitusikiliza vizuri sana. Alipumzika miezi mingi, mugongo ukazidi kukakamaa, na mtoto wake wa kike akaacha masomo ili achote maji na kupika. Tulipoelewa, mwaka wa shule ulikuwa umekwisha kupotea. Tuliogopa kumwangalia ule mtoto mu macho.

Kinezi aliyempokea baadaye hakuanza kwa kumkanda. Alimwuliza: "Mama, unataka uweze tena kufanya nini?" Akajibu: kuchota maji ku robine. Basi kazi ikaanzia pale. Kutembea dakika tano asubuhi, dakika tano jioni. Kuikala ku kiti na kusimama mara sita, bila kushika. Kuinua bidoni yenye lita tatu tu, kuiweka, kuiinua tena. Kila wiki kiloko juu yake. Sheria kubwa ilikuwa hii: siku njema usifanye kazi ya siku tatu, siku mbaya usilale kutwa. Kipimo kinabaki kilekile.

Wiki ya pili maumivu yakapanda, akataka kuacha. Kinezi alikuwa amemwonya mapema, akamwambia apunguze nusu, asikatize. Leo anabeba lita kumi, anafanya safari mbili. Hajapona kabisa, mugongo bado unamkumbusha. Lakini mtoto amerudi shuleni, darasa moja nyuma ya wenzake.

Tata mumoja alitupinga mu mukutano: "Mazoezi ni ya watu wanaokaa mu biro. Sisi tunafanya kazi ya nguvu kila siku!" Ana haki nusu. Kazi ya jembe inachosha viungo vilevile kila siku, na haina kipimo, njaa ndiyo inayopima. Mazoezi unayapima mwenyewe.

Mwezi wa 12 wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya kudumu. Linasema watu waelimishwe, wafanye mazoezi, wasaidiwe pia na mashaka ya moyo. Mikaba, kuvuta mugongo kwa mashine, na dawa za jamii ya tramadol: halizipendekezi. Diklofenaki na ibuprofen zinaweza kutuliza kwa siku chache, lakini zikizoewa zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Na ile deksametazoni wanayokupiga mu farmasi bila karatasi ya munganga, ukiizoea inapandisha sukari na kulegeza mifupa.

Lakini tusikie vizuri. Mguu ukipoteza nguvu, mukojo ukikataa ao kutoka wenyewe, kati ya mapaja kukiwa ganzi, hiyo si ya kungojea mazoezi: ni Sendwe siku ileile, ao lopitali iliyo karibu. Homa, jasho ya usiku na kukonda pia vipimwe haraka, maana kifua kikuu kinaingia mu mifupa ya mugongo.

Kwa hiyo tunaomba kasha ijaribu hivi kwa miezi mitatu. Falanga ya shindano na mikaba ilipie safari tatu za kwenda kwa kinezi, na zinazobaki zilipie mutu wa kupita nyumbani kuuliza mazoezi yanaendelea namna gani. Tunajua kwa wafadhili mukaba unaonekana vizuri mu picha, na mama anayesimama ku kiti mara sita haonekani kitu. Mtuvumilie.

Kikundi cha kwanza kinaanza Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, hapahapa. Mwenye bidoni aje nayo tupu, maji yapo. Mwenye kiti cha plastiki aje nacho pia, maana chama kina vinne tu na kimoja mguu umevunjika.