"Nimeuza Wimbo": Istilahi za Mkataba wa Kurekodi Muziki



Mwanamuziki akishatia saini mkataba wa kurekodi, mara nyingi hutoka na maneno mawili: "Nimeuza wimbo." Kisarufi sentensi hii haina kasoro. Kisheria haijulishi kilichotendeka. Kitenzi *kuuza* hapa kinafunika matendo matatu: kuhamisha haki, yaani kumpa mwingine umiliki, kutoa leseni, yaani kumruhusu autumie wimbo kwa muda na masharti, umiliki ukibaki palepale, na kuuza nakala, kama anunuavyo mtu kaseti dukani. Tofauti hiyo si ya kamusini tu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akaziachia haki zake kwa shilingi 10. Alifariki maskini mwaka 1962, nao warithi wake wakafikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006.

Swali la pili ni hili: kilichohamishwa ni nini? Wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Maneno na lahani vina hakimiliki ya mtunzi. Uimbaji na rekodi yenyewe vina haki ambazo sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaziita *hakishiriki*. Istilahi hii ina mtego, kwani asiyeizoea hudhani ni haki ya kugawana. Maana yake ni haki zinazoambatana na hakimiliki, nazo ni za watumbuizaji, watayarishaji wa rekodi na watangazaji. Mtu wa pwani ataelewa haraka zaidi tukimkumbusha mila ya minazi: mtu aweza kumiliki minazi iliyo katika ardhi isiyo yake. Utungo ni ardhi, rekodi ni mnazi. Aliyeuza mnazi hajauza shamba, ila mkataba useme hivyo.

Tuje kwenye fedha. *Mrabaha* ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi wa maana ya faida. Katika mkataba ni sehemu ya mapato anayolipwa mwenye haki kila kazi yake inapotumiwa au kuuzwa. *Malipo ya awali* nayo hupokewa kama zawadi au ujira, ilhali kwa kawaida ni mrabaha uliotangulizwa, utakaokatwa baadaye. Tuchukue mfano wa kubuni. Msanii amepokea shilingi 2,000,000. Gharama za studio ni shilingi 3,000,000, nazo zinafidiwa kutoka katika fungu lake. Mrabaha ni asilimia 10. Rekodi italazimika kuingiza shilingi 50,000,000 kabla hajapata hata senti moja zaidi. Na asilimia 10 hiyo ni ya mapato ghafi, au ya mapato halisi baada ya makato? Kivumishi kimoja chaweza kumaliza fungu lote.

Neno la mwisho ni *kipekee*. Katika mazungumzo yetu ni neno la sifa: sauti ya kipekee, kipaji cha kipekee. Msanii akisoma "mkataba wa kipekee" huona ametukuzwa. Kumbe amefungwa: hataruhusiwa kurekodi kwa mwingine muda wote wa mkataba. Ingefaa tuandike waziwazi: "Msanii hatarekodi kwa mtu mwingine yeyote katika muda huu," kisha tutaje muda wenyewe na nchi zinazohusika.

Mwaka 2021 Tanzania iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo inatudai sisi wa taaluma hii kazi ya ziada. Istilahi tunazo, tatizo ni kwamba kadhaa kati yake zinafanana mno na maneno ya kila siku, na msomaji huingia kwa maana ya nyumbani akakuta maana ya mahakamani. Kuunda istilahi na kuiorodhesha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuipima kwa mtu atakayeitilia saini: je, baada ya kuisoma, aweza kusema kwa maneno yake ametoa nini, kwa nani, kwa muda gani, na atalipwa vipi? Akishindwa, kosa si lake peke yake. Ni letu pia tulioiandika.