Kuijua Kazi ni Jambo Moja, Kuifundisha ni Jingine

Hotuba kwa wahudumu wa afya wanaosimamia mafunzo ya wanafunzi katika hospitali za kaunti



Huduma za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013, na hospitali nyingi zilizo chini ya kaunti zinabeba kazi mbili: kutibu wagonjwa na kuwanoa wanafunzi. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu kutoka KMTC na vyuo vingine hufanyia mazoezi yao humo. Anayewafundisha wodini mara nyingi ni muuguzi au tabibu wa zamu. Kazi yake anaijua barabara, lakini huenda hakuna aliyewahi kumfunza namna ya kufundisha.

Pengo hilo huonekana wazi katika chumba cha kujifungulia. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anahitaji kuanza kusaidiwa kupumua kwa mfuko wa hewa na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Mwanafunzi aliyemwona mkunga akifanya hivyo mara mbili tu, akichungulia nyuma ya wenzake sita, atasema ameelewa. Siku atakapokuwa peke yake usiku katika zahanati ya mashambani, barakoa haitakaa sawa usoni, hewa itapita pembeni, na dakika ile itakwisha. Lawama itamwangukia yeye, ingawa kasoro ilianzia pale alipofunzwa.

Mwaka wa 1990, mtaalamu wa elimu ya udaktari kutoka Marekani, George Miller, alieleza ngazi nne za umahiri: kujua, kujua namna, kuonyesha, na kutenda kazini. Mtihani wa karatasi hupima ngazi za chini tu. Mizani hiyo inamfaa mwalimu pia. Cheti cha warsha ya ualimu huthibitisha kwamba alihudhuria. Anavyofundisha kando ya kitanda cha mgonjwa hujulikana kwa kutazamwa akifundisha.

Ipo njia nyepesi ya kufundisha stadi za mikono, inayohusishwa na daktari wa upasuaji Rodney Peyton wa Uingereza. Ina hatua nne. Kwanza, mwalimu hufanya kazi yote kwa kasi ya kawaida, kimya. Pili, huirudia polepole akieleza kila hatua. Tatu, mwanafunzi hueleza huku mwalimu akitenda. Nne, mwanafunzi hueleza na kutenda mwenyewe. Kwa mwanasesere wa mazoezi, kasoro ya barakoa itajitokeza katika hatua ya nne, mahali ambapo haimdhuru mtu.

Jambo la pili ni maneno. "Umefanya vizuri" haimsaidii mwanafunzi, na "hujui kitu" humfunga mdomo. Afadhali aambiwe: "Kichwa umekiweka sawa, lakini vidole havikubana barakoa. Rudia." Asirekebishwe kwa kuaibishwa mbele ya mgonjwa. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mwanafunzi aliyekemewa jana haulizi leo, na swali lililomezwa huweza kuwa kosa la kesho.

Mwanafunzi pia hujifunza kuzungumza na wagonjwa kwa kumsikiliza mwalimu wake. Mwalimu akimwuliza mzazi, "Umeelewa?" atajibiwa "ndiyo", hata kama hakuelewa. Akisema, "Mama, hebu nieleze utakavyompa mtoto dawa hii ukifika nyumbani," kosa la kipimo litagunduliwa kabla mama hajapanda matatu.

Je, mwalimu atapimwaje? Kwa macho ya watu watatu. Mwenzake akae pembeni dakika kumi na tano na orodha fupi: je, lengo lilitajwa, mwanafunzi alipewa nafasi ya kutenda, na alielezwa la kurekebisha? Wanafunzi wajaze fomu bila kuandika majina, ili waseme kweli. Kisha mtu ambaye hakuwafundisha awapime wanafunzi hao kwa vitendo, kwani somo lililoeleweka huonekana mikononi. Upimaji ufanywe mwanzoni, kisha urudiwe baada ya miezi kadhaa ili maendeleo yaonekane.

Wapo watakaosema wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli, na ndiyo sababu orodha iwe fupi na upimaji ufanyike ndani ya zamu ya kawaida. Matokeo yake yatumike kumsaidia mwalimu, yasigeuzwe barua ya onyo. Akihofia kuadhibiwa, atatayarisha somo la maonyesho kwa siku ya ukaguzi, na kesho yake atarudia mtindo wa zamani.

Mwanafunzi wa leo ndiye atakayempokea mtoto wa mwananchi wa kaunti miaka michache ijayo. Anayemfundisha astahili kupewa muda, msaada na kipimo cha haki.