Mazingira: Kijito cha Scajaquada na tiba ya kukata miti

Mtoto wa shule katika Afrika Mashariki hufundishwa mapema kwamba kupanda mti ni wema na kukata mti ni uharibifu. Ni fundisho lenye manufaa, wala hakuna haja ya kulibeza. Hata hivyo, ziko sehemu ambako wataalamu wa mazingira huingia kando ya mito wakiwa na misumeno na majembe, wakakata na kung'oa, kisha wakasema kwamba wanayaponya maji. Mojawapo ni Black Rock, kitongoji cha mji wa Buffalo katika jimbo la New York nchini Marekani, karibu na pale ziwa Erie linapomimina maji yake katika mto Niagara. Ng'ambo ya mto huo ni Kanada.

Jina la kitongoji hicho maana yake ni mwamba mweusi. Mwamba huo ulikuwapo kweli: jabali la mawe ya chokaa lililojitokeza ukingoni mwa mto. Leo haupo. Ulilipuliwa kwa baruti mwanzoni mwa miaka ya 1820 ili kupisha mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825. Kijiji kikabaki na jina bila ya mwamba, na mwaka 1853 chenyewe kikamezwa na mji wa Buffalo. Tangu wakati huo maji ya eneo hilo yamepangwa na kupangwa upya kwa ajili ya meli, viwanda na barabara. Kuhusu samaki, hakuna aliyeuliza.

Kijito cha Scajaquada ndicho kilichoumia zaidi. Jina lake limetokana na jina la ukoo mmoja wa Waseneka, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Urefu wake ni takriban kilomita 20, kutoka mashamba na vitongoji vya mashariki hadi Black Rock. Katika miaka ya 1920, baada ya kijito kugeuka kuwa mkondo wa uchafu, wakuu wa mji walichagua njia rahisi: walikifukia. Zaidi ya kilomita 5 za maji ziliingizwa katika handaki la zege chini ya mitaa. Kijito huchomoza tena katika makaburi ya Forest Lawn, kikapita katika bustani ya Delaware iliyobuniwa na Frederick Law Olmsted, kikafuatana na barabara kuu iliyojengwa ubavuni mwake, na mwisho kikaingia katika mfereji wa Black Rock.

Tatizo kubwa limo katika mabomba. Sehemu kubwa ya Buffalo, kama miji mingi mikongwe ya Marekani, hutumia bomba moja kwa maji ya vyooni na maji ya mvua. Siku za kiangazi bomba hilo hupeleka kila kitu kwenye mtambo wa kusafishia. Mvua kubwa ikinyesha, bomba hujaa, na ziada hufurika kwenye vijito na mito bila kusafishwa. Mto Niagara una kasi na huchukua uchafu upesi. Mfereji wa Black Rock, kinyume chake, umetengwa na mto kwa ukuta mrefu wa mawe ili meli zipite kwa utulivu, na maji yake hukaribia kusimama. Tope la kijito hutua hapo, likaoza, na kula hewa ambayo samaki angevuta. Wakati wa joto, sumu inayotokana na bakteria wa topeni imewahi kuua ndege wa majini katika Scajaquada.

Msumeno unaingia wapi basi? Kingo za kijito kilichoharibiwa hazibaki tupu, huvamiwa. Kuna mmea mrefu kutoka Japani, ulioletwa karne ya 19 kama pambo la bustani. Majira ya joto huota mnene kiasi cha kuzuia kila mche mwingine, na majira ya baridi hufa juu ya ardhi, udongo ukabaki wazi kwa mafuriko. Kipande kidogo cha mzizi wake kikianguka mtoni huota upya kwingine. Kuna pia vichaka vya miti ya Ulaya vinavyofunga kivuli chini kabisa, nyasi na miche ya asili ikafa kwa kukosa jua. Aidha, mdudu kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kuonekana New York mwaka 2009, hutoboa chini ya gome la miti aina ya ash na kuiua kwa wingi.

Kazi hii haitaki pupa. Kivuli cha mti mrefu ni rafiki wa mto, kwa kuwa maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya moto. Anayefyeka ukingo mzima kwa siku moja huupika mto. Kwa hiyo miti hupunguzwa kwa awamu: wavamizi hutolewa, wenyeji huachwa au hupandwa, na gogo lililoanguka majini mara nyingi huachwa palepale. Mpita njia huliona kuwa takataka, ilhali samaki wadogo hujificha chini yake.

Katika miaka ya 2010 kazi ya namna hiyo ilifanyika ndani ya Forest Lawn, ambako tope lilitolewa na mimea ya asili ikarudishwa kandokando ya maji. Karibu na mdomo wa kijito kipo kisiwa cha Unity, kilichowahi kuwa jalala la mji, na ambacho mwaka 2015 kilibadilishwa jina kwa ombi la Waseneka, kwa sababu jina la zamani lilikuwa tusi kwa wanawake wao. Huko, Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kilitumia tope lililochimbwa mto Buffalo kupunguza kina cha bwawa, ili mimea ya maji ipate kuota. Samaki aitwaye paiki, mwindaji mwenye mdomo mrefu, hutaga mayai kwenye nyasi za maji mafupi. Pasipo nyasi, hana pa kuzalia.

Fedha nyingi za kazi za aina hii katika Maziwa Makuu hutoka mfuko wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 2010. Mwaka 2017 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza kuufuta, lakini Bunge likauacha.

Nairobi ina mfano unaolingana na huo. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ni mali ya umma, na uliokolewa kutoka mikononi mwa wanyakuzi kwa mapambano ambamo Profesa Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa Januari 1999. Sehemu kubwa ya msitu huo ilikuwa mikaratusi, mti wa Australia ulioletwa Kenya zama za ukoloni kutoa kuni za treni. Katika miaka iliyofuata mikaratusi imekuwa ikivunwa kwa awamu na miti ya kienyeji kupandwa. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na maeneo oevu, kwa kuwa hunywa maji mengi. Wakulima waliotegemea nguzo na kuni hawakufurahi, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini Nairobi, kama Buffalo, msumeno hauzuii maji ya vyooni yanayoingia mtoni kutoka juu.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi unapotia shaka. Bwawa na ukingo hupigwa picha. Bomba la chini ya ardhi halina wa kulipiga picha. Mpango wa Buffalo wa kupunguza mafuriko ya maji taka uliidhinishwa mwaka 2014, nao ni wa takriban miaka 20.

Suala hilo linawagusa wasemaji wa Kiswahili pia. Kama ilivyo Louisville na Columbus, Buffalo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na wengi wao huishi upande wa magharibi, jirani na Black Rock. Ncha ya kusini ya kisiwa cha Unity ni bustani ya Broderick, ambako zamani watumwa waliotoroka walivuka kwenda Kanada. Leo wapo wanaosimama hapo na ndoano, kutafuta kitoweo. Idara ya afya ya jimbo hutoa ushauri kuhusu samaki wa mto Niagara, kwa sababu ya kemikali za viwandani ziitwazo PCB, ambazo utengenezaji wake ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1979 lakini bado zimo topeni. Kemikali hizo hukaa katika mafuta, hivyo kuondoa ngozi na mafuta ya samaki kabla ya kupika huzipunguza. Zebaki hukaa katika nyama yenyewe, na haiondoki kwa kisu wala kwa moto. Ushauri ni mkali zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa na kwa watoto wa chini ya miaka 15.