Paa Bapa na Mali ya Mkulima



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya mapaa bapa. Huenda wengine wenu mtauliza, paa lina habari gani katika sikukuu ya ushirika? Jawabu langu ni fupi. Tangu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho, mali ya mkulima hulala ghalani ikingoja mnada. Nayo huvunwa hasa Oktoba hadi Desemba, wakati mvua za Mtwara zinapopiga hodi. Korosho iliyolowa huota ukungu na daraja lake hushuka. Basi paa linalovuja hula bei ya mkulima.

Wazee wa pwani hii waliijua kazi ya paa bapa. Huko Kilwa Kisiwani walilaza boriti za mikoko, wakapanga juu yake mawe ya matumbawe, wakashindilia chokaa. Sakafu ile ilikuwa imara, lakini haikuvutika. Ikipata ufa, maji hupenya hata kwenye boriti. Zege la siku hizi nalo lina ila hiyo: hutanuka kwa jua la mchana, hunywea usiku, na mwishowe hupasuka.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1960 mafundi wa ng'ambo wametandika juu ya mapaa hayo mpira wa viwandani uitwao EPDM. Unene wake hupita milimita 1 kwa kidogo tu, lakini ukivutwa hurefuka zaidi ya mara mbili pasipo kukatika, wala jua haliuharibu upesi.

Lakini, ndugu zangu, tusinunue mpira tukadhani tumenunua usalama. Kwanza, paa bapa lisiwe bapa kabisa: kwa kila mita 1 lishuke yapata sentimita 2, ili maji yapate njia. Pili, mpira huvuja zaidi kwenye maungio, na pale unapokutana na bomba au ukuta. Hapo pasafishwe, pakaushwe, pagandishwe na fundi aliyefunzwa. Tatu, kingo zifungwe barabara, maana upepo huanza kufunua paa pembeni. Tukumbuke Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Nne, mafuta ni adui wa mpira huu. Kwa hiyo juu ya kiwanda cha kubangulia korosho, penye moshi wa mafuta ya maganda, usitandikwe kabla ya kuuliza wajuzi.

Mwisho, kila Septemba mtu apande juu, azibue mifereji, akague maungio, na aliyoyaona ayaandike katika daftari. Ni kazi ya asubuhi moja.

Katika ushirika twafundishana kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tone la mvua nalo laijua hesabu hiyo. Tusiliache litutangulie.